Vijarida vya kopi thelathini

Kijarida cha kwanza kunikalisha chini kilikuwa kinahusu maneno yanayoandikwa nyuma ya bajaji. Basi, hiyo tu. Kurasa kumi na sita, A4 zimekunjwa katikati, kava limechorwa kwa maka peni, na ndani jamaa kazunguka vituo vya bajaji kuanzia Sinza mpaka Mwenge anaandika kila neno alilokutana nalo halafu (hapa ndo alinimaliza) anamfuata dereva anamuuliza kwa nini umeandika hivi. Kuna bajaji imeandikwa NANI KAMA MAMA, maandishi mekundu makubwa, dereva akamjibu kaka hii bajaji sio yangu, ya tajiri, na huyo mama ni mama yake tajiri, mi wa kwangu yuko Singida na hajui hata kama naendesha bajaji. Hakuna maelezo mengine. Unafungua ukurasa unaofuata, bajaji nyingine.

Nilikisoma chote nimesimama kwenye ua wa watu, soda inapata moto mkononi. Aliyekitengeneza ni fundi wa mabango, yaani ndo huyohuyo anayeyaandika hayo maneno kwenye bajaji, kwa hiyo nusu ya anachohoji ni kazi ya mkono wake mwenyewe na hasemi mpaka ukurasa wa mwisho kabisa. Nikamuuliza umetoa ngapi, akasema thelathini. Zikiisha je? Akacheka. "Zikiisha si zimeisha, kaka."

Wenzetu huko duniani wanaviita zine, mi naviita vijarida na wengi pale uani tunakokutana kubadilishana wanaviita hivyo hivyo, na wala hakuna haja ya maelezo marefu. Mtu anaandika, anachora, anapeleka steshenari anatoa kopi, anakunja, anabana pini, anauza au anagawa mwenyewe. Hakuna mhariri wa kukwambia soko halitaki hadithi za aina hii, hakuna mchapishaji wa kukaa na mswada wako miaka mitatu hajakujibu, na ukikosea tahajia ni wewe na wasomaji wako mtamalizana.

Nilipoanza kuvifuatilia nikaona historia yake wengi wanaianzia Chicago mwaka 1930, mashabiki wa hadithi za kisayansi walipotoa kijarida chao The Comet wakawa wanatumiana kwa posta. Sawa. Mi nikiulizwa naanzia Harlem, New York, 1926, vijana weusi akina Wallace Thurman, Langston Hughes na Zora Neale Hurston wakatoa jarida linaitwa Fire!! wakasema humo mambo ambayo wakubwa wao walitaka yabaki chini ya kapeti, mambo ya mapenzi na ya rangi na ya maisha ya mtaani yasiyo na adabu, likatoka toleo moja tu, deni likamwangukia Thurman, na kopi nyingi zilizobaki zikaja kuteketea kwa moto hukohuko zilipohifadhiwa. Toleo moja! Na mpaka leo watu wanaliongelea.

Halafu kuna yule Mark Perry wa London, karani wa benki, 1976 muziki wa punk umeanza kuchemka na magazeti makubwa hayauelewi, yeye akakaa na taipureta akatoa Sniffin' Glue, vichwa vya habari kaandika kwa mkono, mistari imepinda, kafuta-futa. Alianza na kopi za kuhesabika, ndani ya mwaka mmoja zinatoka kwa maelfu, na kilipofika hapo 1977 akakifunga, akawa anawaambia wasomaji nendeni mkatengeneze vya kwenu. Mi nimekulia kwenye mji ambao mtu akiuza chipsi zikatoka anafungua na kibanda cha pili na cha tatu, kwa hiyo habari ya mtu kufunga kitu kwa kuwa kimekua ilinichukua muda kuielewa. Sasa naielewa, nitaeleza huko chini.

Lakini usidhani hiki kitu kimekuja na ndege. Miaka ya 70 kwenda 80 hapa Tanzania karatasi yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, mashirika ya umma ya uchapishaji yana vipaumbele vyake, vitabu vya shule na vya siasa, basi waandishi wa riwaya pendwa wakaamua kujichapisha. Elvis Musiba alikuwa na Continental Publishers yake, Hammie Rajab na Busara Publications, Kajubi Mukajanga na Grand Arts Promotions. Vitabu vyembamba, karatasi ya hovyo, kava lina bastola na mdada, na ndo vilikuwa vinasomwa kwenye basi mpaka vinabaki nusu. Na Sani je, ile ya katuni, akina Ndumilakuwili na Lodilofa na Pimbi, nakala moja inazunguka mtaa mzima na mwenye nayo ndo anakuwa wa mwisho kuisoma.

Kenya ndo usiseme. Gakaara wa Wanjau, mtu wa Karatina, anaandika vijitabu kwa Kikuyu, anavichapa, anaviuza mwenyewe, Waingereza wakamweka kizuizini 1952 kwenye hali ya hatari, akatoka baada ya miaka akarudi kwenye vijitabu vyake vilevile, na 1984 akapata tuzo ya Noma, ile ya vitabu vya Afrika, kwa shajara ya huko kizuizini. Halafu 1982 kuna gazeti la chinichini linaitwa Pambana, la December Twelve Movement, kundi la siri lililokuwa linaipinga serikali ya Moi, linapita mkono kwa mkono, na mwaka huohuo Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia wa chuo kikuu, akahukumiwa miaka sita jela kwa kukutwa na waraka unaoitwa wa uchochezi. Waraka. Makaratasi tu ya kubana pini. Mi huwa nikisikia mtu anasema hivi vijarida ni mchezo wa vijana wasio na kazi namkumbusha hiyo.

Na kabla hatujaenda mbali, dada zetu wa bweni. Nani hakumbuki daftari la nyimbo? Kaunta buku limevalishwa gazeti na nailoni juu, mashairi ya bongo fleva yamenakiliwa kutoka redioni mstari kwa mstari (ule ambao haukusikika umeachwa nukta nukta, rafiki akiusikia anakuja kuujazia), picha za wasanii zimekatwa gazetini zimebandikwa kwa uji wa ngano, kalamu za rangi tatu, na ukurasa wa kwanza onyo kwa herufi kubwa UKISOMA USICHAFUE. Kila daftari nakala moja dunia nzima. Dada yangu alikuwa nalo, nililiibia kusoma nikiwa la tano, na nakwambia ule mpangilio wa kurasa hakuna mbunifu wa kompyuta angeuweza. Mama akaja kuliwashia mkaa. Bado hawajaelewana vizuri kwenye hilo.

Tuje kwenye kazi yenyewe maana wengi mmeniuliza inafanyikaje. A4 moja ukiikunja katikati inakupa kurasa nne, kwa hiyo kijarida lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, hapo hakuna mjadala. Kazi iko kwenye kupanga. Kwa kurasa kumi na sita, wa kwanza unakaa ubavuni mwa wa kumi na sita, nyuma yao wa pili na wa kumi na tano, unaendelea hivyo mpaka katikati wa nane na wa tisa ndo wanakutana kihalali. Ukimpelekea dada wa steshenari kwa mara ya kwanza anachanganyikiwa. Wangu mimi aliniambia "Kaka mbona kurasa zako zimerukaruka, nianze na ipi?" nikamkunjia karatasi tupu nikaandika namba nikaifungua, akaitazama weee, akasema aaah. Siku hizi yeye ndo anawafundisha wengine, mtu akija na kurasa kumi na nne anamwambia "ongeza mbili baba, chora hata ua, nyuma itabaki nyeupe utaona aibu."

Mengine utayajua kwa kuungua. Penseli haitoki vizuri kwenye kopi, pitisha wino mweusi. Picha ya simu yenye giza inatoka doa tupu. Mashine haifiki ukingoni, acha nafasi pembeni la sivyo inakula herufi. Na stepla sasa! Stepla ya kawaida mkono wake mfupi, haufiki kwenye mkunjo wa katikati, zile ndefu zipo ila bei yake unaweza kununua kuku wawili. Dawa yake ni ndala. Unafungua stepla inyooke kabisa, unaweka ndala mezani, juu yake kijarida kikiwa kimefunguliwa kava likikutazama, unapiga pini kwenye mstari wa mkunjo, pini inazama kwenye ndala, unanyanyua taratibu, unageuza, unalaza miguu ya pini kwa sarafu ya mia mbili. Pini mbili kwa kijarida kimoja. Ukishazoea thelathini unazimaliza mpira haujafika mapumziko. Ndala iwe nyepesi ya bei rahisi, ile ngumu inarudisha pini.

Gharama: kopi kwangu mia moja kwa upande, kurasa kumi na sita ni pande nane, mia nane. Ukiwa mteja na unatoa nyingi unashushiwa mpaka hamsini, hapo mia nne. Unauza buku. Faida ya kununua chipsi kavu ipo, ya kujenga haipo.

Kuna mwalimu wa sekondari kwenye kundi letu, yeye anaijua ile mashine ya Riso ya kudurufu mitihani, anasema kopi mbili tatu ni hasara lakini ukienda kwenye mamia hakuna kinachoifikia kwa bei. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu kwamba huko Ulaya na Japani wasanii wanaitafuta Riso hiyohiyo kwa udi na uvumba kwa ajili ya rangi zake, maana inapiga rangi moja moja na zikipandana zinatoka zimehama kidogo na wao wanaona ndo uzuri wenyewe. Alicheka mpaka machozi. Kwake yeye karatasi iliyohama ni karatasi ya kurudia.

Sasa watu wenyewe. Tunakutana Jumamosi moja moja uani kwa dada mmoja Sinza, mkeka, meza ya plastiki, chai kwenye chupa. Sharti ni moja, unabadilishana kwanza kuuza baadaye, yaani ukija na chako unaweza kuondoka na vya watu watano bila kutoa hata mia. Yupo fundi wa mabango niliyemtaja. Yupo muuguzi anaandika kuhusu zamu za usiku, sio mambo ya wagonjwa, anaandika kuhusu ndugu wa wagonjwa wanaolala kwenye mabenchi ya nje, nani kaja na blanketi la watu wawili, nani anachaji simu ya nani, namna watu wasiojuana wanavyogawana uji saa kumi na moja asubuhi na mmoja wao akishapewa habari mbaya wengine wanavyokunja vitu vyake bila kuambiwa. Kile kijarida nimekisoma na kukirudia na sijui nani angekichapa. Ni kifupi mno kuwa kitabu, hakina habari ya kuwa gazeti.

Halafu yupo mzee. Mstaafu wa reli, anaandika Reli ya Kati kituo kwa kituo kutoka Dar kwenda Kigoma, kila kituo nani alikuwa anauza nini dirishani, asali Tabora, chumvi Uvinza, na nani alimkopesha nini mwaka gani. Anaandika kwa mkono, mwandiko ule wa shule za zamani umelala upande mmoja wote kwa pamoja, mjukuu wake ndo anatoa kopi. Toleo la kwanza likaishia Dodoma. Miezi ikapita nikamkuta uani, shikamoo mzee, marahaba, vipi mzee namba mbili lini? Akanyamaza kidogo. "Namba mbili tukifika Manyoni, mwanangu." Yaani treni iko njiani.

Sio kwamba vyote vizuri. Vingi vibovu na nisipoandika hivyo nitakuwa nadanganya watu. Mashairi ya mapenzi yamezidi, kuna kijana anatoa kila mara mashairi yaleyale kabadilisha jina la msichana tu. Na kuna kundi jingine mjini, la kwenye maghala ya sanaa na mikahawa, karatasi nzito inateleza, Kiingereza mwanzo mwisho, bei elfu kumi na tano, vinapendeza kwa kweli ila ukikiacha kijiweni kwa bodaboda wanafunua picha wanakurudishia. Kile cha bajaji kilienda kijiweni kikarudi baada ya wiki mbili kimechanika kava. Kazi ni kazi na sina ugomvi na mtu, lakini ukiniuliza kipi nitakitafuta nikakitolee jasho ni kile kilichochanika.

Alikuja mgeni mara moja, mtu mstaarabu, wa mambo ya miradi, akapenda sana, akauliza mna mpango wa kuwafikia wanufaika wangapi kwa mwaka. Kimya. Fundi wa mabango akajibu "Thelathini." Mgeni akadhani elfu thelathini, akaandika.

Hela sikatai, mnielewe, mtu akituletea rimu za karatasi nitampokea kwa ngoma. Ila hapo ndo nikamwelewa karani wa benki wa London. Kopi zikiwa thelathini unajua kila moja iko wapi. Yule muuguzi anaandika anavyoandika kwa sababu anawajua watakaosoma, angeandika kwenye grupu la WhatsApp kesho yake skrinshoti iko mezani kwa bosi. Mzee wa reli hataki wasomaji laki moja, anataka watu wa kumbishia kwamba yule mama wa Kilosa aliuza ndizi sio machungwa. Na walimbishia, kopi moja ilipita saluni ikarudi pembezoni imejaa biki za rangi tofauti, mwandiko wa watu watatu, mmoja kaandika tu "huyu ni bibi yangu". Mzee kaichukua hiyo kopi hajaitoa tena.

Kuna mshkaji mwingine yeye karatasi ilimkuta kwa lazima. Alikuwa na tovuti yake ya mashairi na visa vya mtaani, zikaja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, ukipiga hesabu ya fomu na leseni na ada ya mwaka ilikuwa inafika milioni mbili na laki moja, na yeye tovuti ilikuwa haimwingizii hata ya vocha. Akafunga. Alikaa kimya muda mrefu kisha akaibukia uani na kijarida cha kurasa nane, ile ya A4 moja unaikunja mara tatu unakata mkato mmoja katikati inajikunja yenyewe bila hata pini. Anasema zamani alikuwa anaona namba za waliosoma, sasa hivi anakutana nao kwenye foleni ya maji wanamwambia lile shairi la tatu hukulimaliza.

Kinachoniuma ni kimoja, hakuna anayevitunza. Nairobi wenzetu wana Maktaba ya Ukombozi, imefunguliwa 2017, yale machapisho ya chinichini ambayo watu walifungwa kwa kuwa nayo sasa unaingia unasoma. Sisi huku kila mtu na lake. Mi ninalo boksi chini ya kitanda na nimetia nafthalini, mwalimu anatunza vyake kwenye kabati la ofisini nyuma ya mitihani ya zamani ambako hakuna mwanafunzi atakayethubutu kugusa, fundi wa mabango hana hata kopi moja ya kile cha bajaji, yangu ndo anayokuja kuazima. Nimeanza kuandika orodha, jina la kijarida, nani, mwaka, kopi ngapi, kwenye daftari la kawaida. Kama una vya kwako au una Sani za zamani au daftari la nyimbo lililonusurika mkaa, nitafute, sitaki uniuzie, nataka nione tu na nitoe kopi mbele yako.

Kikao kijacho Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uani palepale, wanaopajua wawaambie wengine. Njoo na kitu cha kubadilishana hata kama ni karatasi moja. Na mwenye stepla aje nayo, ya kwetu imekufa, ndala zipo za kutosha.